Barua za Seyyid Said na Serikali ya Marekani

Maandikiano ya kiserikali baina ya Unguja na Marekani yalitokana na malalamiko ya mfanyabiashara mmoja. Mwaka 1828 Edmund Roberts wa New Hampshire alimlalamikia Seyyid Said, huko Unguja, juu ya ushuru na vikwazo vilivyowapata wenzake. Aliporejea kwao alimwandikia Seneta Levi Woodbury. Naye Woodbury alipokuwa waziri wa majeshi ya bahari, Rais Andrew Jackson alimtuma Roberts kuwa mjumbe. Mkataba ulitiwa sahihi Maskati tarehe 21 Septemba 1833, ukaweka ushuru wa asilimia 5 juu ya shehena iliyoteremshwa.

Mwaka 1840 merikebu Sultana, pamoja na mjumbe Ahmad bin Naaman, ilifika New York ikichukua barua na zawadi kwa Rais Martin Van Buren. Jibu la Rais lilikuwa la heshima, lakini katiba ilimkataza kuzipokea zawadi hizo kwa nafsi yake. Ikabidi Baraza la Kongresi liamue.

Hati hizo ziliandikwa kwa Kiarabu na Kiingereza. Kiswahili, kilichosemwa bandarini na sokoni, hakimo. Hata hivyo, kitambaa cha pamba kilicholetwa kutoka Massachusetts kiliitwa merikani, na jina hilo likafuatana na misafara mpaka bara. Kwa hiyo mchunguzi wa biashara hiyo hana budi kuisoma kamusi pamoja na barua, maana wapagazi na wachuuzi hawakuacha hati nyingi.