George Eastham na kesi ambayo hakuihitaji tena

Siku hizi mkataba wa mchezaji ukiisha, anaaga, anapiga picha na jezi mpya, maisha yanaendelea. Mashabiki tunanuna wiki moja, basi. Ndiyo maana nilipoanza kusoma habari za George Eastham ilinibidi nirudie ukurasa. Mkataba wake na Newcastle United uliisha mwaka 1960, akakataa kusaini mwingine, na bado hakuwa huru kwenda popote.

Utaratibu wa soka ya Uingereza wakati huo ulikuwa hivi: mkataba ulikuwa wa muda mfupi, lakini usajili ulibaki mikononi mwa klabu. Mkataba ukiisha, klabu iliweza kumbakiza mchezaji bila ridhaa yake. Akikataa ofa mpya, hachezi na halipwi, na timu nyingine ya ligi haiwezi kumgusa. Mshahara wenyewe ulikuwa na kikomo cha pauni 20 kwa wiki msimu ukiendelea, hata kama ni wewe unayejaza uwanja. Wachezaji waliuita mkataba wa utumwa. Sisi wa pwani neno hilo tunalijua kwa uzito mwingine, na mtu anayerudi kwake jioni na mshahara mfukoni si mtumwa. Lakini nilipoelewa kwamba njia pekee ya kuikwepa klabu ilikuwa kuacha ligi kabisa, nikapunguza ubishi.

Eastham alizaliwa Blackpool mwaka 1936. Baba yake, mwenye jina lilelile, alikuwa ameichezea timu ya taifa, na baba na mwana waliwahi kucheza pamoja Ards, Ireland ya Kaskazini. Newcastle walimnunua mwaka 1956 kwa pauni 9,000. Alikuwa mwembamba, fundi wa pasi; leo tungemwita namba kumi. Ugomvi wake na klabu ulianza na mambo ya kawaida kabisa: nyumba aliyopewa ambayo alisema haikaliki, kazi ya pembeni isiyomridhisha, kuvutana kuhusu kuichezea England ya vijana. Akaomba kuondoka. Wakakataa. Naye akagoma, akahamia kusini na kufanya kazi kwa rafiki yake, Ernie Clay, akiuza gome la mti, lile linalotengenezewa vizibo vya chupa. Hebu fikiria kiungo bora wa kizazi chake akiuza vizibo!

Baada ya miezi kadhaa Newcastle walilegea, wakamuuza Arsenal kwa pauni 47,500. Hadithi ingeweza kuishia hapo. Januari 1961 chama cha wachezaji, kikiongozwa na Jimmy Hill na katibu wake Cliff Lloyd, kilitishia mgomo na kikomo cha mshahara kikaondolewa. Johnny Haynes wa Fulham akapanda hadi pauni 100 kwa wiki. Ila suala la kubakizwa halikuisha. Chama kilihitaji mtu wa kusimama mahakamani, na Eastham, ambaye alishapata alichokitaka, akakubali kuwa mtu huyo. Kwangu mimi, hilo linazidi bao lolote alilofunga.

Kesi ilifika Mahakama Kuu mwaka 1963, mbele ya jaji Richard Wilberforce, kilembwe wa William Wilberforce, yule aliyepigania kukomeshwa kwa biashara ya watumwa. Ungeweka jina hilo kwenye riwaya, mhariri angelikata. Hukumu yenyewe haina mbwembwe. Jaji anaueleza mfumo huo kama kazi ya waajiri waliojipanga kuwa ukuta mmoja, na anakiri kwamba mtu asiyeuzoea angeuona si wa kibinadamu. Akaamua kwamba ulimzuia mtu kufanya kazi yake pasipo sababu ya haki.

Eastham binafsi hakupata hata mishahara aliyodai ya miezi ya mgomo. Kwa kuwa alikataa kucheza, malipo hayo yalibaki hiari ya klabu. Wala ada ya uhamisho baada ya mkataba kuisha haikufa siku ile. Ilisubiri hadi 1995, Mbelgiji Jean-Marc Bosman alipokwenda mahakama ya Ulaya. Wanaomwita Eastham mkombozi wa wachezaji wote wanaruka miaka zaidi ya 30.

Aliichezea England mechi 19, lakini kwenye Kombe la Dunia la 1962 na la 1966 hakupewa hata dakika moja. Medali ya 1966 alikabidhiwa mwaka 2009, wachezaji wa akiba walipokumbukwa. Alihamia Afrika Kusini, akafundisha soka watoto weusi wakati wa ubaguzi wa rangi, na akafariki Desemba 2024.

Picha yake ninayoipenda ni ya Wembley, Machi 1972, fainali ya Kombe la Ligi, Stoke City na Chelsea, 1–1. Jimmy Greenhoff anapiga, kipa Peter Bonetti anautema mpira, na Eastham yupo palepale, anausukuma wavuni. Stoke hawakuwahi kutwaa kombe kubwa kabla ya siku hiyo. Yeye alikuwa na miaka 35.