Kemia ya Muhogo, Maziwa na Maji: Masisi na Walikale

Kazi nyingi za nyumbani huko Masisi na Walikale, Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, ni kazi za kemia, ingawa hakuna anayeziita hivyo. Mazoea hutosha kuziongoza maadamu mazingira ni yaleyale. Vita na uhamaji vinapoyavuruga, anayejua sababu ya kila hatua ndiye anayejua ipi inaweza kufupishwa na ipi haifupishiki.

Muhogo mchungu unalithibitisha hilo. Ndani ya seli zake mna kemikali iitwayo linamarini, na kwenye kuta za seli hizo mna kimeng'enya cha kuivunja. Muhogo ukiwa mzima, viwili hivi havikutani. Ukirowekwa siku tatu au zaidi hulainika, seli hupasuka, na linamarini huvunjika na hatimaye kutoa sumu ya sianidi, ambayo huchukuliwa na maji au kuyeyukia hewani wakati wa kuanika. Kuchemsha muhogo ungali mzima hakuleti matokeo hayo, kwani joto huharibu kimeng'enya kabla hakijamaliza kazi. Kwa sababu hiyo sombe, yaani majani ya muhogo, hutwangwa kwanza, ndipo ichemshwe. Familia iliyo safarini inayoroweka kwa siku moja tu hubaki na sumu ndani ya unga wa muhogo. Madhara yake ni konzo, ugonjwa wa kupooza miguu ulioelezwa na daktari Trolli mwaka 1938 kutoka eneo la Kwango, Kongo, na uliozuka Nampula, Msumbiji, mwaka 1981 wakati wa ukame. Mlo wa muhogo mtupu huongeza hatari, kwa kuwa mwili huizima sianidi kwa salfa itokayo kwenye protini. Muda wa kuroweka ukikosekana, unga unaweza kulowanishwa na kutandazwa mwembamba kivulini kwa saa 5 hivi ili sianidi iondoke.

Jibini ya Masisi hujibu tatizo jingine: maziwa mengi katika vilima visivyo na majokofu. Kimeng'enya kilichotolewa katika tumbo la ndama hukata sehemu ya kaseini inayozuia chembe za protini zisishikane, na maziwa huganda. Kuikandamiza jibini huondoa maji. Chumvi huvuta yaliyosalia na kudhoofisha bakteria. Hivyo jibini hustahimili safari ya kwenda mji wa Goma, ambayo maziwa mabichi hayaiwezi.

Maji nayo yana kemia yake. Katika kambi za wakimbizi wa ndani, klorini hukinga dhidi ya kipindupindu. Hata hivyo, uchafu katika maji machafu huimaliza kabla haijawafikia vijidudu. Maji huchujwa kwanza, hutiwa dawa, kisha huachwa dakika 30. Kuongeza dawa hakufidii kikamilifu kutochuja.

Huenda ikasemwa kwamba mababu waliroweka muhogo bila kusoma kemia. Ni kweli, lakini walikuwa na muda, mto wa karibu na mashamba yao. Asiye na hayo huhitaji kuelewa sababu, na somo la kemia shuleni lingeweza kuanzia kwenye beseni la kuroweka.