Utazamaji wa nyota Oldonyo Sambu

Oldonyo Sambu ni kata iliyo kando ya barabara ya Arusha–Namanga, upande mkavu wa Mlima Meru. Iko takriban nyuzi 3 kusini mwa ikweta, hivyo mtazamaji huweza kuona, kwa nyakati tofauti za mwaka, Msalaba wa Kusini na Dubu Mkubwa pia, bahati ambayo mkazi wa London hana. Kinachokosekana ni mpangilio wa watu, wala si nyota. Septemba 1, 2016, kupatwa kwa jua kipete kulivuta umati hadi Rujewa, Mbeya, ambako wanafunzi na wakulima walitazama kwa miwani maalumu. Tukio hilo lilionyesha kuwa hamu ipo, ila husubiri mtu wa kuiitisha, na hiyo ndiyo kazi ya klabu ya wapenzi wa nyota.

Wapo wanaosema darubini ni anasa panapokosekana maabara. Hoja hiyo ina uzito, lakini inasahau kwamba macho matupu yanatosha kuanzia: Kilimia, kundi ambalo jina lake linatokana na kulima, liliwaongoza wakulima kabla ya kalenda za ukutani, na Wamasai nao walilisoma kupima majira ya mvua. Darubini ndogo ya macho mawili huongeza miezi minne mikubwa ya Mshtarii. Pingamizi zito zaidi ni mawingu ya masika, Machi hadi Mei. Hapo klabu haina budi kuhamia darasani.