Kwa nini redio za magari hung'olewa Handeni

Gari lililotumika Japani likishatoka bandarini Dar es Salaam na kufikishwa Handeni, redio ni miongoni mwa vitu vya mwanzo kung'olewa. Wengi huihesabu desturi hii kuwa fahari ya vijana wapenda makelele, wanaotupa kifaa kizima ili wafunge spika kubwa na sabufa chini ya kiti. Hukumu hiyo si ya haki. Ukifuatilia jinsi magari na matangazo yalivyoingia upande huu, kuanzia Korogwe na Segera hadi kata za ndani kama Mazingara, utaona kwamba redio ya kiwandani inang'olewa kwa sababu haikuundwa kwa ajili ya nchi hii. Fundi anayeibadilisha anamalizia kazi ambayo kiwanda hakikuwa na sababu ya kuimaliza.

Zamani tatizo hili halikuwapo. Utangazaji ulioanza Dar es Salaam mwaka 1951, na baadaye Radio Tanzania, ulitegemea masafa ya kati na masafa mafupi. Land Rover ya serikali au Peugeot 404 ya mfanyabiashara, mradi ilikuwa na redio yenye masafa ya kati, iliweza kuyanasa matangazo, na mwenye gari hakuwa na haja ya kugusa kitu. Mabadiliko ya kwanza yaliletwa na kaseti, iliyozinduliwa na kampuni ya Philips mwaka 1963. Dereva wa basi aliyefunga deki alipata uwezo ambao redio haikumpa, nao ni wa kuchagua. Nyimbo za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, bendi mbili kubwa za Tanga, zingeweza kusikika njiani bila kungoja zamu yake kwenye kipindi cha salamu. Hapo ndipo gari la abiria lilipoanza kuwa na sauti yake lenyewe.

Kisha milango miwili ilifunguliwa, kila mmoja kwa wakati wake. Bajeti ya mwaka 1984 iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje, na katika miaka iliyofuata magari yaliyotumika Japani yakazidi kuingia. Mwaka 1993 ikapitishwa Sheria ya Huduma za Utangazaji, Radio One ikaanza kurusha matangazo mwaka 1994, na vituo binafsi vikafuata, karibu vyote kwenye FM. Milango hiyo ilipokutana, kasoro ikajitokeza. Japani imetumia FM ya megahezi 76 hadi 90; Tanzania hutumia 87.5 hadi 108. Kwa hiyo gari lilikuja na redio nzima, safi, inayofanya kazi, lakini inayosikia ukingo tu wa kile kinachosemwa nchini. Abiria angepanda Hiace yenye mitambo mizuri kuliko basi la babu yake, asisikie taarifa ya habari ambayo jirani yake anaisikia kwenye redio ndogo ya betri. Hapa ndipo kazi ya fundi redio za magari ilipopata mizizi, na sababu yake ilikuwa habari na matangazo, si makelele.

Atakayepinga atasema kuna dawa ya bei nafuu: kile kifaa kidogo kinachofungwa kwenye waya wa antena na kuyashusha masafa ili redio ya Kijapani iyanase. Ni kweli kipo, na kimewasaidia wengi. Lakini redio yenye nafasi ya megahezi 14 haiwezi kupokea megahezi 20 kwa mkupuo. Kifaa kikishusha masafa kwa 12, vituo vilivyo juu ya 102 vinabaki nje, na namba inayoonekana kwenye kioo si namba ya kituo. Kwa dereva anayetoka Korogwe kwenda Chalinze, ambaye hubadilisha kituo kila anapotoka eneo la mnara mmoja na kuingia la mwingine, huo ni usumbufu wa safari nzima.

Pingamizi la hatari ni zito zaidi, nami nalikubali kwa sehemu. Fuso, Scania na Coaster nyingi hutumia umeme wa volti 24, ilhali redio nyingi za dukani ni za volti 12. Fundi asiye makini huvuta umeme kwenye betri moja kati ya mbili, na baada ya muda betri hizo hazichaji sawasawa, zote zikaharibika. Anayeijua kazi hufunga kifaa cha kupunguza volti. Waya wa amplifaya uliopitishwa kwenye bati bila fyuzi karibu na betri unaweza kuliwasha gari moto. Hata tundu la kwenye dashibodi lina mtego wake: la Toyota lina upana wa milimita 200, redio za kawaida zina 180, na pengo lisipozibwa kwa fremu yake redio hucheza kwenye barabara ya vumbi mpaka waya zinachomoka. Haya yote yanadai ufundi bora. Hayathibitishi kwamba redio ya kiwandani ingeachwa mahali pake.

Kuhusu kelele, sheria ipo, na abiria ana haki ya kumwambia konda apunguze sauti. Ila kusikiliza kwa pamoja ni desturi ya zamani hapa kwetu. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi kuzunguka redio. Gari la abiria linaendeleza ujirani huo barabarani.

Kaseti zimekwenda, CD zikafuata, sasa ni flashi na simu. Japani nayo imepanua FM yake hadi megahezi 95. Lakini matangazo yetu yanaendelea hadi 108, na kazi ya fundi wa Handeni inaanzia hapo.