Kitanzi cha Sauti: kutoka Sahani hadi Sampla

Mwaka 1948 mjini Paris, Pierre Schaeffer, mhandisi wa redio ya Ufaransa, alitumia sahani za santuri zenye mfereji uliojifunga wenyewe. Sindano haikusonga mbele tena. Ilirudia kipande kile kile kila mzunguko, muda usiotimia sekunde 1. Mngurumo wa treni ukirudiwa hivyo, msikilizaji huisahau treni, akabaki na mpigo na rangi ya sauti tu.

Sampla zilirithi kitanzi hicho, ila kwa uhaba, si kwa falsafa. Fairlight CMI, iliyotoka Sydney mwaka 1979, ilikuwa na baiti 16,384 tu za kumbukumbu kwa kila njia ya sauti. Noti ya filimbi haikuweza kurefushwa ila kwa kurudia sehemu yake ndogo. Hapo ukazuka ufundi wa kusikiliza: mwanamuziki aliweka mwanzo na mwisho wa kitanzi, akabonyeza kinanda, akatega sikio, akasogeza tena. Ncha mbili za wimbi zisipokutana kwa kimo kimoja, kiungo hualika kila duru.

Kitanzi kikiwa kifupi mno, urefu wake ndio huwa noti. Katika Akai S1000 ya mwaka 1988, yenye vipimo 44,100 kwa sekunde, vipimo 100 vikizungushwa hutoa mitetemo 441. Kikiongezwa kimoja tu, hushuka hadi karibu 437. Sikio lililozoea muziki huitambua tofauti hiyo. Kwa hiyo kitanzi kilichopendeza peke yake kiliweza kwenda kombo mara kilipopigwa pamoja na piano.