Kinga ya Kisukari kwa Akinamama wa Kyela Iambatane na Kliniki ya Mtoto

Kisukari cha ujauzito ni hali ya sukari kuzidi katika damu wakati wa ujauzito. Mara nyingi hali hiyo hutoweka baada ya kujifungua, na mama hudhani kuwa tatizo limekwisha. Hata hivyo, tafiti za nchi mbalimbali zinaonesha kuwa mwanamke aliyewahi kuipata ana hatari kubwa zaidi, takribani mara saba hadi kumi, ya kuugua kisukari cha aina ya pili baadaye.

Kipimo cha kuibaini hufanywa kati ya wiki ya 24 na ya 28 ya ujauzito. Mama anayegundulika hushauriwa kupimwa tena kati ya wiki ya 6 na ya 12 baada ya kujifungua, kisha kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu.

Kipimo hiki cha pili ndicho husahaulika kwa urahisi. Mama wa Matema au Ipinda ana mtoto mchanga, shamba la mpunga linamsubiri, na masika huharibu njia. Si rahisi kufunga safari kwa ajili yake pekee. Lakini mama huyohuyo humpeleka mtoto kupata chanjo akiwa na wiki 6 na 10, ndani ya muda uleule wa kipimo. Huduma hizo mbili zikitolewa siku moja, safari moja itawafaa wote wawili. Mama aelezwe mapema kufika asubuhi bila kula. Maji anaruhusiwa, na mtoto aendelee kunyonya.

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2002 ulionesha kuwa watu walio hatarini waliolenga kupunguza uzito kwa asilimia 7 na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58.

Kwa Kyela, ushauri huo hauna maana ya kuacha wali. Nusu ya sahani iwe mboga, robo wali au ndizi, na robo usipa au maharage. Vinywaji vyenye sukari vipunguzwe. Asiye na kazi za shamba atembee kwa haraka dakika 30, siku tano kwa wiki.

Chungu ni cha familia nzima. Hivyo baba na mama mkwe nao washirikishwe katika ushauri huo.