Forsa, gurmeti, marini: mkufu wa fedha shingoni mwa mwanaume wa Tshopo

Kisangani. Ndugu wasikilizaji, na ninyi jamaa mliovuka mto kutoka Lubunga na bado hamjarudi kwenu, swali hili limetufikia redioni mara nyingi kuliko nilivyotegemea: mwanaume anayetaka mkufu wa fedha, ule vijana wanaouita shenete, achague wa aina gani? Wengine wanauliza kwa ajili ya harusi. Wengine wana sababu nyingine kabisa. Tangu machafuko yalipoanza ng'ambo, Februari 2023, watu walikimbia na kile kilichokuwa mwilini, na leo wanataka kujua kama kitu kile cheupe shingoni mwa baba au kaka kinaweza kuleta unga na mafuta nyumbani.

Jibu la muuzaji sokoni ni fupi: chagua unaoupenda, lipa, nenda. Mimi nitazunguka kidogo, kwa sababu majina ya mitindo yenyewe yanatoka katika mambo ambayo Tshopo inayajua vizuri.

Chukua ule mtindo wa kawaida kuliko yote: vipete vya umbo la yai, vyote sawa, kimoja kimepita ndani ya kingine, kimoja kimelala na cha pili kimesimama. Kwa Kifaransa, lugha ya mafundi wa vito waliotufundisha majina haya, unaitwa forsa. Maana yake ni mfungwa wa kazi ngumu, yule aliyefungwa mnyororo merikebuni au bandarini huko Ufaransa. Fundi wa Ulaya aliutazama mnyororo wa mfungwa, akaupunguza mpaka ukatosha shingo ya bwana harusi, na jina hakulibadilisha.

Kiswahili kilikuwa na haya zaidi. Kinatenganisha mkufu na mnyororo. Mkufu ni pambo, mnyororo ni chuma cha kumfungia mtu au kitu. Lakini hapa kwetu shingo imejua vyote viwili, na ule wa chuma ulitangulia ule wa fedha.

Si kwamba wazee wetu hawakujua madini. Waturumbu, Walokele na Watopoke walikuwa na liganda, bamba la chuma lenye umbo la mkuki, jingine refu kama mtu mzima au kumzidi. Huwezi kuwinda nalo hata nyani. Lilikuwa mali: lililipwa kwa ndoa, lililipwa kumaliza ugomvi. Utajiri wa chuma uliegemezwa ukutani, haukuvaliwa. Shingo ilikuwa na kazi nyingine, ya kuonyesha cheo. Kwa jirani zetu Walega, meno ya chui yalikuwa ya wakubwa wa bwami, na kijana hakujivalia tu kwa sababu yalimpendeza.

Halafu wakaja watu wa pwani kwa kufuata Lualaba. Stanley alipita kwenye maporomoko haya Januari 1877, akarudi na kuanzisha kituo Desemba 1883. Lakini mwenye nguvu katika eneo hili hakuwa yeye. Alikuwa Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye wote tunamjua kwa jina la Tippu Tip. Februari 1887, huko Zanzibar, alikubaliana na watu wa mfalme Leopold awe gavana wa Stanley Falls kwa mshahara. Pembe za ndovu zilitoka huku kwenda pwani, na waliozibeba hawakuwa wapagazi wa kulipwa peke yao. Mateka walitembea wakiwa wamefungwa shingo kwa kongwa la mti, au kwa mnyororo wa chuma uliounganisha watu wengi katika mstari mmoja. Mmoja akianguka, wote wanavutwa.

Tusimwachie Mwarabu peke yake mzigo huo. Utawala wa watu wa pwani ulivunjwa katika vita vya 1892 hadi 1894, na dola ya Leopold ilisema imekuja kukomesha utumwa. Mnyororo ulibaki. Wafungwa wa dola walifanya kazi shingo kwa shingo, na wanawake walishikwa rehani mpaka waume zao walete mpira wa msituni. Joseph Conrad alifika hapa Septemba 1890 kwa meli ya Roi des Belges. Katika kitabu chake cha 1899 kuhusu safari hiyo ya Kongo aliandika juu ya watu wenye kola za chuma shingoni, zilizounganishwa kwa mnyororo. Forsa hasa, kabla haijafika kwenye kisanduku cha kioo.

Sasa fedha yenyewe ilitoka wapi? Ardhi ya Tshopo inatoa dhahabu na almasi, huko Bafwasende na Banalia. Fedha ilikuja kama sarafu. Watu wa pwani walihesabu mali zao kwa reale, ile sarafu kubwa ya Austria yenye sura ya malkia Maria Theresa na mwaka 1780, ambayo iliendelea kupigwa na mwaka huohuo hata alipokwisha kufa. Zanzibar na Oman, mfua fedha hakuhitaji mgodi. Aliyeyusha reale, akatengeneza pete, vikuku, na mapambo ya ala ya jambia.

Wanaume Waislamu walikuwa na sababu ya kupenda fedha: dhahabu ni haramu kwao kuvaa, pete ya fedha inaruhusiwa. Ila waliivaa kidoleni na kiunoni. Mkufu shingoni waliuhesabu kuwa pambo la wanawake, na wazee wengi wa Kiislamu hapa mjini bado wanasema hivyo. Kijana wa familia ya Wangwana akitaka shenete, ajue kwamba maneno yatakuwepo nyumbani.

Mwaka 1887 dola ya Leopold nayo ikatoa sarafu zake. Zile ndogo zilikuwa za shaba, zenye tundu katikati, rahisi kutungwa kwenye uzi. Zile kubwa zilikuwa za fedha, kuanzia santimu 50 hadi franka 5, zenye kichwa cha mfalme. Vijijini watu waliendelea kwa muda mrefu na mitako, vile vijiti vya waya wa shaba nyeupe, lakini neno lilikuwa limeshakaa mdomoni. Mpaka leo mtu wa Kisangani akisema hana feza, hazungumzii madini. Anazungumzia mfuko mtupu.

Hapa naomba mwenye kalamu aandike, kwa maana ndipo hesabu ya familia inapoanza. Reale moja ina uzito wa gramu 28 na kidogo, na katika gramu 1,000 zake, 833 ni fedha safi. Hiyo ni karibu gramu 23.4 za fedha. Franka 5 ya Leopold ilikuwa gramu 25, fedha yake 900 kwa 1,000, yaani gramu 22.5. Mkufu wa kiume wa leo ulio mzito, wa gramu 25, wenye alama 925, una gramu 23.1. Kwa maneno mengine, kijana aliyevaa mkufu mzito wa fedha ya kweli amebeba shingoni sarafu moja tu ya zamani. Si mbili. Dhahabu ya uzito huohuo inauzwa mara makumi zaidi. Anayewaambia wakimbizi kwamba mkufu wa fedha ni benki anawadanganya. Utasaidia kwa siku chache, na mnunuzi akiwa mwaminifu.

Turudi kwenye majina. Mtindo wa marini ni kama forsa, ila kila kipete kina kijiti katikati, sawasawa na mnyororo wa nanga ya meli. Kijiti kile kinazuia mnyororo kujipinda na kujikaza. Ningetegemea huu ndio uwe mkufu wa Kisangani. Mji wetu ndio mwisho wa safari ya meli kutoka Kinshasa, kilomita 1,734, kisha maporomoko yanafunga njia. Babu wangapi walikula kwa kazi za bandari? Lakini sokoni marini haupatikani kirahisi.

Kuna ule wa punje za kahawa, vipete vilivyovimba na kuwa na mfereji katikati kama punje yenyewe. Tshopo ilitoa kahawa ya robusta, na huko Yangambi Wabelgiji waliweka kituo cha utafiti wa kilimo, INEAC, tangu 1933. Mtindo ni mzuri kuutazama, lakini kuweni waangalifu. Mara nyingi punje zake ni tupu ndani, zikigongwa zinabonyea, na hakuna fundi atakayezinyoosha.

Kinachopendwa zaidi na vijana ni gurmeti: vipete vilivyosokotwa na kubanwa mpaka vikalala bapa juu ya ngozi. Neno hilo linatoka kwenye mnyororo mdogo unaopita chini ya kidevu cha farasi, wa kumzuia. Inachekesha kidogo. Farasi ndiye mnyama ambaye msitu wetu umemkataa, mbung'o wanamuua. Nenda uone: kwa toleka, kwenye pikipiki, kijana wa Mangobo kavaa hatamu ya farasi ambaye hajawahi kumwona. Ule mnene wanaouita kubani, uliokuja na video za wanamuziki wa Marekani, ni gurmeti hiyohiyo iliyonenepeshwa.

Shingo ya mwanaume ilikuwa pia jambo la siasa. Wakati wa Mobutu, katika miaka ya 1970, tai ilipigwa marufuku na abakosti ikawa vazi la mzalendo. Vijana wa Sape, wafuasi wa Papa Wemba, wakajibu kwa nguo za Paris. Baadaye, tangu 1982, serikali ilipowafungulia raia uchimbaji wa mikono, Kisangani ikajaa nyumba za kununua almasi, na mwanaume aliyefaulu migodini alitaka aonekane. Dhahabu shingoni ilikuwa tangazo lake. Kisha vita. Mwezi Juni 2000, kuanzia tarehe 5 hadi 10, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji, na almasi ilikuwa mojawapo ya sababu. Waliokuwepo wanajua dhahabu shingoni ilikuwa na maana gani ukikutana na mtu mwenye bunduki. Fedha haimfanyi mtu awe salama, lakini haivutii macho sana, na nadhani hilo nalo limewapa wengi mazoea ya kuvaa kitu cheupe.

Basi, chaguo. Kwa mwanaume anayetaka mkufu mmoja wa kudumu, na hasa kwa familia ambayo kesho inaweza kulazimika kuuza, mimi nachagua forsa, vipete vizima, si vitupu, pamoja na jina lake baya. Ukikatika, unakatika kipete kimoja, na fundi yeyote mwenye moto anauunganisha. Msalaba au medali inateleza vizuri juu yake. Gurmeti inafaa kama hutaki kitu cha kuning'iniza, nayo inavumilia kazi nzito. Ule wa nyoka, laini kama kamba, uacheni: ukijikunja mara moja haunyooki tena. Urefu wa sentimeta 55 unawatosha wanaume wengi. Na mnunuzi anapopima kwa gramu, uzuri wa mtindo hauongezi hata franka moja.

Kuhusu ukweli wa madini, tafuteni alama 925 karibu na kifungio, lakini msiiamini peke yake, kwa sababu mhuri unaigwa. Sumaku ikivuta vipete, ni chuma, rudisha. (Kifungio pekee kinaweza kuvutwa kwa sababu ya kaspringi kadogo kalicho ndani.) Isipovuta, bado hujajua kitu, maana shaba haivutwi na inoksi nyingi hazivutwi. Fedha ya kweli inakuwa nyeusi polepole kwa hewa na jasho la mji huu, na ukiisugua kwa kitambaa inarudi. Ikianza kuonyesha rangi ya njano pale inaposuguana na kola ya shati, ilikuwa shaba iliyopakwa. Mayesho, ule mchanganyiko mweupe wa shaba, nikeli na zinki, hauna fedha hata chembe, ingawa unang'aa kama fedha. Inoksi si uwongo, ni chuma kizuri kwa kuvaa. Ubaya wake ni kwamba siku ya njaa hakuna atakayekinunua.

Ninyi mnaofikiria kuuza, msiuze kwa mtu wa kwanza aliyekuja kwenye kambi na mizani yake mfukoni. Uzito upimwe mara mbili, mahali pawili, na mwenye mkufu akiwa anaona namba. Mnunuzi ana haki ya kukwangua kwa tupa ili aone ndani. Mwambie akwangue kipete cha mwisho, kile kinachoshika kifungio, ili msipokubaliana bei uondoke na mkufu ambao bado unaweza kuvaliwa.